Wimbo wa Pili

Saa nane kasorobo mchana, Jumapili ya mwisho ya Agosti, Raili Pöyhönen alisimama katikati ya banda la dansi la Koivuniemi na simu sikioni. Kwa jinsi shingo yake ilivyozidi kuwa nyekundu, watu themanini waliokwisha kuvaa viatu vya dansi walijua mambo yameharibika.

"Mko wapi?" alikuwa akiuliza. "Koivuniemi ipi? Hapana, mwanangu, hapana. Hiyo ni Koivuniemi nyingine. Hiyo iko kule juu kaskazini. Sisi tuko huku chini!"

Nchi hii ina Koivuniemi zisizohesabika. Kila walipokuta rasi ya ziwa yenye miti ya magome meupe, wazee wetu hawakujisumbua kutafuta jina jipya, wakapaita hivyohivyo, na sisi wajukuu ndio tunaolipia uvivu wao. Bendi ilikuwa imeshateremsha vyombo vyake mbele ya banda lililofungwa kwa kufuli, kilomita mia nne kutoka hapo, ikishangaa mbona hakuna mtu.

Raili alikuwa mwenyekiti wa chama cha dansi. Kabla ya hapo alikuwa mkuu wa posta, na ile sauti ya posta hakuiacha kazini alipostaafu. Akakata simu, akawatazama watu mmoja mmoja, jicho likatua kwa Veijo Hakkarainen aliyekuwa karibu na mlango.

"Veijo! Gari lako lina muziki."

"Linao," Veijo akakubali, na papo hapo akajuta.

Veijo alikuwa na miaka sitini na saba. Maisha yake yote ya kazi aliendesha lori la maziwa, shamba hadi shamba, na hakuwahi kuoa. Ni mtu wa maneno machache, hata kwetu ambako maneno hayajawahi kuwa mengi: ukimuuliza hali ya hewa, anatazama juu kwanza. Lakini siku hiyo alikuja na maneno. Alikuwa ameyapanga tangu Ijumaa, aliposikia dukani kwamba Tellervo Rautio anahamia Turku kwa mwanawe na kwamba lori la mizigo linakuja Alhamisi.

Tellervo alikuwa mjane, mpishi mstaafu wa shule. Kwa majira manne ya joto Veijo alimwomba dansi kila Jumapili, mara moja tu, na mara moja huku kwetu ni nyimbo mbili. Mwanamume huvuka ukumbi, huinamisha kichwa, wanacheza wimbo wa kwanza, wanasubiri palepale katikati bila kuachana, wanacheza wa pili wa aina ileile, kisha humrudisha mwanamke mahali alipomtoa na kusema asante. Tango mbili, wolzi mbili, humpa mbili zile za kurukaruka. Kumwacha mwanamke baada ya wimbo mmoja ni kumtangazia mbele ya watu kwamba ananuka. Afadhali umwibie baiskeli. Basi Veijo alimchezesha Tellervo nyimbo zake mbili, akasema asante, akarudi upande wa wanaume, na wiki nzima iliyofuata akaishi kwa hizo dakika saba. Miaka minne mizima! Leo ilikuwa nafasi ya mwisho ya kumwomba asiende.

"Lirudishe gari kinyumenyume mpaka kwenye ngazi," Raili akaamuru. "Fungua milango yote, na buti. Leo wewe ndiye bendi."

"Lakini mimi nilitaka..."

"Kaa humo ndani uchague nyimbo. Mimi vitu vya vitufe sivigusi, na kahawa yangu iko jikoni."

Mtu mmoja alijaribu kuwasaidia kwa simu yake, lakini mtandao wa pale ziwani husuasua, na wimbo wa kwanza haujafika katikati likaingia tangazo la dawa ya meno. Veijo akaenda kulileta gari.

Gari lenyewe lilikuwa na miaka ishirini na mitatu, na redio yake ilikuwa ya enzi za CD. Binti wa dada yake, Minttu, anayefanya kazi katika maktaba ya sauti kule Tampere, ndiye aliyemfungia adapta. Waya mmoja uliingia nyuma ya redio, mwingine ukaingia kwenye kisanduku cha muziki cha ukubwa wa kiberiti kilicholala kwenye kidroo cha mbele ya abiria. Humo ndani mlikuwa na nyimbo elfu mbili na mia nne. Kazi ya adapta ilikuwa kuidanganya redio. Iliiambia kwamba kwenye buti kuna mashine yenye CD sita, na redio, maskini, ikaamini. Ndiyo maana kwenye kioo chake hakukuonekana jina la wimbo hata moja, zilionekana namba tu: CD 2, wimbo 14. Na kwa kuwa aliyeiunda redio ile hakuwahi kuota CD yenye nyimbo zaidi ya tisini na tisa, ukifika wimbo wa mia moja na kumi na nne ingeandika 14, na ule wa mia mbili na kumi na nne, 14 vilevile.

Barabarani peke yake, Veijo hakuwahi kuona shida. Alibonyeza, akapokea alichopewa. Lakini sasa wanaume walikuwa wamevuka ukumbi, jozi arobaini zilikuwa zimeshikana, mikono mabegani na viunoni, zikimngoja yeye.

Akatoa karatasi aliyoandikiwa na Minttu wakati wa Krismasi. CD 1, ilisema, wolzi. Akabonyeza 1.

Spika sita zikalia korongo. Si wimbo wa korongo, la, korongo wenyewe, ndege, kundi zima likipiga kelele juu ya kinamasi. Jozi zikasimama na kutazamana. Bwana mmoja mzee mwenye kifaa cha kusikilizia masikioni alianza kumzungusha mkewe, naye mkewe akamkanyaga mguu kwa makusudi.

"Veijo!" Raili akapaza sauti kutoka dirisha la jikoni. "Hiyo ni nini?"

"Korongo," Veijo akajibu.

"Nasikia kama ni korongo! Weka wolzi!"

Akabonyeza kitufe cha mbele. Bundi. Akabonyeza tena. Mvua ikinyesha juu ya paa la bati, kwa utulivu, kama isiyo na mwisho. Akampigia Minttu simu.

"Mjomba! Vipi dansi?"

"Nimekuwa bendi. Wolzi ziko wapi?"

"CD 1."

"CD 1 ina ndege."

"Aa!" Minttu akacheka. "Nilibadilisha siku ile ya sikukuu ya katikati ya kiangazi, ulipokuwa umewasha sauna. Si ulisema unapenda ndege? Wolzi zilisogea. Jaribu CD 3. Au 2. CD 6 ni kila kitu, nyimbo zote, zimepangwa kwa alfabeti."

"Alfabeti ya nini?"

"Ya majina ya nyimbo."

"Majina siyaoni."

"Ndiyo, redio yako haijui kusoma, Mjomba, inahesabu tu. Na ikipita tisini na tisa, hata kuhesabu inasahau."

"Sasa mimi nitajuaje?"

"Sikiliza, basi. Kitakachokuja ndicho kilichopo."

Huo ndio ushauri wa mtu aliyesoma chuo kikuu miaka sita. Veijo akakata simu, akabonyeza CD 3, na wolzi ikatoka, wolzi ya kweli, ya akodiani. Shangwe ikapigwa bandani. Jozi zikaanza kuzunguka, naye akajiegemeza kitini kwa mara ya kwanza. Kupitia kioo cha pembeni alimwona Tellervo katika gauni lake la kijani, akizungushwa na Kauko Liimatainen, fundi bomba mrefu anayejua kila kitu. Wolzi ikaisha. Jozi zikasubiri wolzi ya pili.

Ikatoka gwaride la jeshi.

Wengine walijaribu kulicheza, hata hivyo. Wengine wakaanza kurudishana kwenye benchi, wakasita katikati ya njia, wakageuka, wakagongana na wanaogeuka kutoka upande mwingine. Kauko alisimama imara kwenye mbao, mkono wake bado mgongoni mwa Tellervo.

"Wolzi moja haihesabiki!" akatangaza. "Hatujamaliza! Hakuna anayeondoka!"

"Ila muziki umechezwa mara mbili," mwingine akabisha. "Mmoja na mmoja ni mbili."

"Gwaride si wolzi! Ukipewa kiatu kimoja na soksi moja, utasema una jozi?"

Veijo alisikia yote hayo, huku kidole chake kikienda mbele, mbele, mbele. Kwaya ya wanaume. Humpa. Kwaya. Humpa aliitambua akiwa amekwisha kuiruka, akarudi nyuma mara moja, ikatokea kwaya, akarudi mara mbili, ikatokea kwaya nyingine ambayo hakuwa ameisikia kabla. Aliangalia namba: 07. Mia na saba? Mia mbili na saba? Hakuwa na njia ya kujua. Alijiona mjinga, mtu aliyeendesha lori la tani ishirini kwenye barafu miaka arobaini, sasa ameshindwa na kitufe cha ukubwa wa punje ya dengu.

Ilipofika saa tisa na nusu alikuwa amegundua jambo moja la maana: CD 5 ina tango. Si tango tupu. Kila baada ya nyimbo chache kwaya ilijipenyeza, au mtu akaanza kusoma utabiri wa hali ya hewa wa mabaharia, lakini ukisikiliza kwa makini sekunde mbili za mwanzo na kubonyeza haraka, wachezaji hawakutambua. Basi akaketi hivyo, sikio kwenye spika na kidole kwenye kitufe, akiwapa tango mbili, kimya kidogo cha kubadilishana wenza, tango mbili tena. Watu walianza kumpungia mkono walipopita. Raili alimletea kahawa na andazi la sukari, akalipachika juu ya dashibodi.

"Umeiweza," akasema. "Ukiondoka tu, mambo yanakorogeka."

"Nilitaka kwenda kucheza kidogo," Veijo akasema. "Mara moja tu."

"Mwakani, Veijo. Watu themanini wanakutegemea!"

Mwakani! Veijo aliuma andazi, akalirudisha juu ya dashibodi. Bandani Tellervo alicheza na Kauko tena, kisha na yule bwana asiyesikia, kisha na mgeni mwenye tai ya manjano ambaye hakuna aliyemjua. Dansi ilikuwa inafungwa saa kumi na moja. Veijo alikuwa na wivu, alikuwa na hasira na Minttu, alikuwa na hasira na bendi, na zaidi ya wote alikuwa na hasira na Veijo wa miaka minne iliyopita ambaye Jumapili zake zote alikuwa na miguu, mikono na nafasi, asiitumie.

Saa kumi na nusu ikawashwa ile taa nyekundu juu ya jukwaa, inayosema sasa ni zamu ya wanawake kuchagua. Wanaume wakajipanga ukutani, wakanyoosha makoti yao na kujifanya hawana habari. Wanawake wakavuka. Veijo aliwasha tango, akahakikisha ni tango, kisha akatazama kwenye kioo cha pembeni ingawa alijiambia asitazame.

Tellervo alikuwa amevuka na wenzake. Akapita mbele ya wanaume taratibu, wa kwanza hadi wa mwisho. Kauko alitoa kidevu mbele. Akampita. Akafika mwisho wa mstari, akasimama, akageuza kichwa kushoto na kulia kama mtu aliyepoteza kibeti. Kisha hakuonekana tena kiooni.

Mlango wa abiria ulikuwa wazi tayari, kwa hiyo hakuhitaji kuufungua. Tellervo aliinama akachungulia ndani.

"Naomba dansi," akasema.

Veijo alitazama miguu yake. Viatu vya dansi vina soli za ngozi laini, havitoki nje ya ukumbi hata siku moja; watu huvibeba kwenye mfuko na kuvivalia ndani. Na nyasi zilikuwa na maji ya mvua ya asubuhi. Soli za Tellervo zilikuwa zimelowa tepetepe.

"Viatu vyako," akasema.

"Nimeviona. Njoo."

"Nani atabonyeza?"

"Sijui. Wimbo umeshaanza, Veijo. Njoo basi!"

Zamu ya wanawake haikataliwi. Veijo alitupa jicho la mwisho kwenye redio: CD 5, wimbo 38. Wa 39 ulikuwa nini? Hakujua. Akatoka.

Walilipata tango likiwa limefika kwenye ubeti wa pili. Veijo si mchezaji hodari, lakini ana tabia ya madereva wa mizigo ya majimaji kama maziwa: hakati kona ghafla. Tellervo alimwekea mkono begani kama kila Jumapili. Veijo akajiambia, nitasema sasa. Wakapita mbele ya jukwaa. Akajiambia, nitasema tukipita tena. Wakapita tena, na kinanda kikapiga nota zake za mwisho, wimbo ukaisha.

Wakasubiri. Jozi zote zikasubiri, mikono ikiwa palepale, kama ilivyo desturi.

Hakikutoka kitu. Si tango, si kwaya, si ndege. Orodha ya CD 5 ilikuwa imeishia hapo, thelathini na nane, lakini aliyesimama katikati ya banda asingeweza kujua hilo. Alichojua Veijo ni kwamba kimya kinarefuka. Mawimbi madogo yalisikika yakigonga nguzo chini ya sakafu.

"Veijo," mtu akanong'ona, "gari."

Akatazama ngazi. Hatua kumi na tano, labda ishirini. Lakini kwenda huko ni kumwacha Tellervo peke yake katikati ya ukumbi baada ya wimbo mmoja, mbele ya watu wote, Jumapili yake ya mwisho. Na kutokwenda ni kuwasimamisha watu themanini hapo mpaka jioni, kwa sababu hakuna mwenye haki ya kuondoka. Wimbo wa pili haujapigwa. Hakujua aende, akae, au aombe radhi, na kama ni radhi, kwa nani.

Mkono wa Tellervo ulikuwa bado begani mwake. Haukusogea.

"Wanasema unahama Alhamisi," Veijo akasema.

"Wanasema kweli."

Maneno aliyoyapanga tangu Ijumaa yalikuwa marefu, yalikuwa na mwanzo na sababu tatu. Akayatafuta, hakuona hata moja.

"Usiende."

Alisema kwa sauti yake ya kawaida tu, lakini katika kimya kile ilifika mpaka jikoni. Vikombe vilikoma kugongana.

"Kasema nini?" akauliza yule bwana mwenye kifaa masikioni.

"Kasema asiende," mkewe akamjibu. "Nyamaza."

Tellervo hakugeuka kuwatazama. "Nyumba nimeshaiuza, Veijo. Nilitia saini Jumanne."

Veijo alifikiri. Hakuelewa nyumba imeingiaje hapa.

"Sikuuliza habari za nyumba," akasema.

Mahali fulani nyuma yao Kauko alikohoa, kisha akaonekana kujuta kwamba amekohoa. Tellervo alikuwa akimtazama Veijo usoni.

"Miaka minne unaniambia asante," akasema. "Kila Jumapili, asante. Nilidhani huna neno jingine."

"Nilikuwa nalo."

"Lilikuwa wapi?"

"Sijui," Veijo akasema, na huo ulikuwa ukweli mtupu. "Mimi sijui, Tellervo. Nilikuwa naogopa."

Tellervo akauliza, kwa sauti ileile ambayo pengine aliwaulizia watoto wa shule nani hajapata viazi:

"Kutoka kwangu mpaka kwako ni kilomita ngapi?"

"Kwa barabara ya juu au ya chini?"

"Veijo!"

"Kumi na moja. Kwa ya chini."

"Lori linakuja Alhamisi saa tatu asubuhi," Tellervo akasema. "Wale vijana walijua wanakwenda mpaka Turku. Kilomita kumi na moja, watafurahi sana."

Veijo alihesabu kichwani: lori, Alhamisi, kumi na moja. Alirudia hesabu ile mara mbili, kwa kuwa jibu lililotoka lilikuwa kubwa kuliko alivyotegemea, na alikwishajifunza siku hiyo kutoamini namba. Lakini mkono wa Tellervo ulimbana bega, ukabana kwelikweli, na hapo furaha ikampanda ghafla, ikabidi yeye ndiye ashikiliwe.

Hakuna aliyepiga makofi. Huku kwetu hatupigi. Watu walitazama viatu vyao, wengine wakatazama ziwa, na mke wa yule bwana mzee akajipangusa pua kwa mkono wa koti la mumewe. Hakuna jozi iliyoachana.

Raili ndiye aliyeshindwa kuvumilia. Alitoka jikoni na aproni yake, akashuka ngazi kwa kishindo, akajitupa kwenye kiti cha dereva, na kikasikika kitufe kikibonyezwa mara nyingi kwa mfululizo.

"Veijo!" akapiga kelele. "Imeandika CD 3, sabini na mbili! Hii ni nini?"

"Sijui," Veijo akajibu bila kugeuka, mkono wake ukiwa mgongoni mwa Tellervo. "We bonyeza tu."